Siku Baba Alipoweka Springi Ngumu

Sisi tuliokulia Suna, pale Migori, miaka ya tisini tulijua kila pikipiki ya mtaa kwa sauti yake. Hazikuwa nyingi. Kulikuwa na ya padre, iliyokohoa mara mbili kabla ya kushika. Kulikuwa na ya bwana mifugo, iliyopita asubuhi ikiacha harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na kulikuwa na ya baba yangu, ambayo uliisikia muda mrefu sana kabla ya kuiona.

Mchana kutwa tulikuwa nje. Tulicheza kati kwa mpira wa makaratasi uliofungwa ndani ya soksi, tukaruka blada ya tyubu ya baiskeli mpaka ikakatika, tukaiunga, tukaendelea. Magoti yetu yalikuwa na rangi ya vumbi la Migori na hakuna sabuni iliyoweza kuibadilisha. Betri za redio tulizianika juu ya mabati ili jioni wazee wapate taarifa ya habari, na ole wako uzisahau mvua ikanyesha. Tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe, kwa mkono kutoka sinia moja, na aliyekula polepole alilala njaa. Mama hakuwa na haja ya simu. Alisimama mlangoni, akaita jina langu mara moja, na jina hilo likapokelewa na jirani, na jirani wa jirani, hadi likanikuta mtoni nikiwa nimelowa. Mwanangu leo yuko chumba cha pili na inabidi nimtumie ujumbe aje kula.

Basi wakati kama huo, katikati ya mchezo, tulikuwa tukisikia injini ikinguruma kule chini kwenye daraja. Ilinguruma, ikapiga kelele, ikalia kama inachinjwa, nasi tukaendelea kuruka blada raundi mbili au tatu kabla ya baba kutokea kwenye kona akiwa ameinama mbele, gunia la maharagwe nyuma, akienda mwendo wa mtu anayetembea. Watoto wa mtaa waliipa ile apiko, kama tunavyoiita pikipiki kwa Kijaluo, jina. Waliiita Nakuja.

Shida yake ilikuwa klachi. Kwa asiyejua, ndani ya injini kuna sahani nyembamba zilizopangwa pamoja, na springi ndizo zinazozibana. Springi zikiwa dhaifu, sahani huteleza. Injini inazunguka kwa hasira na gurudumu linazunguka kwa hiari yake. Kwenye tambarare Nakuja ilikwenda. Ikiona mlima, kelele ziliongezeka na mwendo ukapungua, na abiria aliombwa kwa heshima ashuke atembee.

Mtu aliyekerwa na jambo hilo kuliko sote ni Mwita. Mwita alikuwa Mkuria wa Ntimaru, rafiki wa baba tangu ujana wao, na ndiye aliyemkusanyia baba maharagwe na wimbi kule mpakani ili auze Suna. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mipana, na hakupanda chombo cha magurudumu mawili isipokuwa baiskeli. Pikipiki alisema ni mnyama asiyejua kuogopa, na mnyama asiyeogopa hafai kupandwa. Lakini kuifungua na kuifunga alipenda. Yeye na baba waliongea Kiswahili, kwa sababu Kijaluo cha Mwita kilikuwa cha kusalimia tu na Kikuria cha baba kilikuwa cha kuomba maji. Ndiyo maana mimi nilijua Kiswahili kabla ya kuanza shule. Nilijifunzia chini ya meza, nikiwasikiliza wakibishana bei ya wimbi.

Siku moja Mwita alikuja na springi nne amezifunga kwenye kitambaa. Zilitoka kwenye pikipiki kubwa iliyokufa huko kwao. Upana ulikuwa uleule wa zetu, lakini waya wake ulikuwa mnene na kimo kilizidi kidogo. Alimwambia baba kwamba hizo zikikaa ndani, Nakuja itapanda hata ukuta wa kanisa. Baba akazipokea, akashukuru, akazitia kwenye kopo la kakao juu ya kabati. Zikakaa. Kila Mwita alipokuja aliuliza, na kila alipouliza baba alisema wiki ijayo. Mama alidhani ni uvivu. Mimi nilidhani baba anaipenda ile kelele.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, shule yetu ilifika mashindano ya muziki ya eneo letu, na mashindano yalikuwa Homa Bay. Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Odera, alikuwa ametunga wimbo kuhusu mvua iliyochelewa. Mwimbaji mmoja alisimama mbele akiita mvua, na kwaya ikamjibu kwa sauti nne. Huyo mmoja nilikuwa mimi. Nilifanya mazoezi nikitoka mtoni na ndoo kichwani, nikiita mvua kwa nguvu zangu zote, na mama alikuwa akiniambia kila jioni, "Imba, lakini maji yasimwagike." Nadhani somo la pumzi nilipewa zaidi na ile ndoo kuliko na mwalimu.

Siku moja kabla ya mashindano, lori lilikuja kubeba kwaya. Mimi nilikuwa kitandani na malaria, meno yakigongana chini ya blanketi mbili. Nilisikia lori likipita barabarani na wenzangu wakiimba wimbo wangu. Mama aliziba dirisha kwa leso ili nisiwaone. Nilikunywa dawa chungu, nikatapika, nikapewa tena, nikalala.

Kulipokucha niliamka nikiwa nimelowa jasho na homa imekwisha. Nilikuwa na njaa kali. Nikanywa bakuli la uji, nikanywa la pili, kisha nikakumbuka siku ni ipi, nikaanza kulia. Sikulia kwa sauti. Nililia ndani ya bakuli.

Kwa kawaida ungepanda matatu tu ukafika. Lakini wiki hiyo wenye matatu walikuwa wamegoma, na stendi ya Migori ilikuwa tupu hata mbuzi walilala pale. Kwa sababu hiyo hiyo Mwita alikuwa kwetu. Alikuja na mzigo kwa lori la mtu, akakosa la kurudi nalo, akalala sebuleni kwenye mkeka. Baba na Mwita walikuwa wakinywa chai. Baba aliniangalia nikilia ndani ya bakuli. Akaangalia Nakuja, iliyosimama chini ya paa la jikoni. Kati yetu na Homa Bay kulikuwa na milima ya kutosha, na watu wawili juu ya ile klachi wasingefika hata Awendo kabla ya saa sita. Wote pale tulilijua hilo.

Baba aliweka kikombe chini. Akapanda kwenye stuli, akashusha kopo la kakao.

Mwita alisimama mara moja. Lakini hakucheka, na hilo nililiona la ajabu, kwa sababu alikuwa ameingojea siku hiyo muda mrefu. Alimwambia baba kwa sauti ya chini, akimwita kijana kwa Kikuria, "Mura, una uhakika?"

Baba akasema, "Lete spana."

Sijui kama mmewahi kuona watu wazima wawili wakifanya kazi wanayoipenda huku saa inawakimbiza. Waliilaza Nakuja ubavu wa kushoto juu ya magunia, ili oili ikae upande wa chini na isimwagike. Mama alitaka kujua nani atalipia sufuria yake wakimwagia oili, na hapo hapo akaileta sufuria yenyewe. Waliitoa kiki, wakalegeza bolti za kifuniko, na kila bolti iliyotoka nilipewa mimi. Nilizichomeka kwenye kipande cha boksi nilichochorewa umbo la kifuniko, kila moja mahali pake, kwa maana ndefu na fupi zikichanganyika ni balaa. Kifuniko kiling'ang'ania. Mwita akakigonga kwa mpini wa jembe, taratibu, kama anayebisha hodi, kikaachia. Karatasi ya gasketi ikachanika vipande viwili. Baba akaangalia huku na huku, akachukua jalada la kaki la daftari langu la hesabu, akaliweka juu ya kifuniko, akaligonga ukingoni kwa kinyundo mpaka umbo likakatika lenyewe. Hesabu zangu zilibaki uchi mwaka mzima.

Ndani kulikuwa na kitu kama ua la chuma, na katikati springi nne. Baba alizilegeza moja moja kwa kukingamisha, huku kidogo na kule kidogo. Zilipotoka alizisimamisha chini kando ya zile mpya. Za zamani zilikuwa fupi, zimechoka, ukizibonyeza kwa kidole zinatii. Zile za Mwita nilizibonyeza kwa gumba, kisha kwa magumba mawili, hazikutikisika. Nilikuwa bado na uchungu wa dawa mdomoni, lakini kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo nikaamini nitaimba.

Kuzirudisha kulihitaji nguvu za Mwita. Aliegemea kwa kiganja chote huku baba akizungusha bolti, jasho likiwadondoka wote wawili ndani ya injini. Wakafunga. Wakarudisha kifuniko na gasketi yake ya daftari, wakainua pikipiki, wakavuta waya wa klachi mpaka ukakaa sawa. Baba akakaa juu, akashika usukani, akavuta kishikio cha klachi.

Hakikwenda.

Hapa lazima nieleze mkono wa baba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na gumba na vidole viwili vya mwisho. Vile vya katikati vilichukuliwa na mkanda wa mashine ya kusaga kule Ntimaru, alipokuwa kijana mfanyakazi, na aliyeurukia ule mkanda na kuutoa kwenye gurudumu kwa mikono mitupu alikuwa Mwita. Sisi watoto tulizaliwa tukaukuta mkono uko hivyo. Haukuwa jambo la kuulizwa, kama usivyouliza kwa nini nyumba ina mlango upande ule. Alikata kuni kwa mkono huo, akafunga nao magunia, akatushika nao mabegani. Hatukuwahi kuona kitu ulichoshindwa.

Sasa nikauona ukishindwa. Baba alivuta tena, mishipa ya shingo ikasimama, kishikio kikasogea nusu na kurudi. Mwita alivuta kwa mkono wake mmoja, kikaja chote. Alikiachia polepole. Mama alikuwa amesimama na sufuria yake. Hapo ndipo mimi, mtoto, nilipoelewa kwa nini kopo la kakao lilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo.

Nadhani baba angekubali kurudisha zile za zamani. Alikuwa tayari ameteremka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha panda. Nilikaa juu ya tangi, mbele ya kiti chake, nikashika kishikio kwa mikono yangu yote miwili na kuvuta kwa nguvu zote za kubeba maji. Kikasogea nusu.

"Baba," nikamwambia, "weka na vyako."

Akapanda nyuma yangu. Akapitisha mkono wake wa kushoto juu ya wangu, vidole vyake viwili vikakaa juu ya vyangu. Tukavuta pamoja. Kikaja mpaka mwisho.

Mama alianza kuomba kabla hatujaondoka. Baba akanieleza sheria ya safari: akisema sasa, ninavuta, akisema acha, ninaachia kidogo kidogo, si kwa ghafla. Akapiga kiki. Akasema sasa, tukavuta, akatia gia. Akasema acha, nami nikaacha kwa ghafla. Nakuja iliruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, ikazimika getini. Mwita akatusukuma nyuma bila kucheka. Mara ya pili tuliruka kidogo. Mara ya tatu tukaondoka, na niliposikia watoto wa jirani wakikimbia nyuma yetu wakipiga kelele, nilijua hawatatufikia. Siku zote walikuwa wakitupita.

Mlima wa kwanza wa kutoka mtoni ulikuwa ndio aibu ya Nakuja. Hapo ndipo abiria walipokuwa wakishuka. Nilihisi baba akiinama mbele mgongoni mwangu kama alivyozoea, akisubiri ile kelele. Kelele haikuja. Injini ilishuka sauti, ikawa nzito, ikashika, na pikipiki ikapanda. Ilipanda tu. Mawe yalitawanyika chini yetu, upepo ukanijaa mdomoni, miti ikaanza kwenda nyuma kwa mwendo ambao sijawahi kuuona nikiwa na baba. Nikasikia kitu kikitikisika mgongoni mwangu nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti, lakini siku hiyo alicheka kutoka chini ya mlima hadi juu, na juu akapiga honi, ingawa hapakuwa na mtu.

Tulipita Awendo tukiyapita matrekta ya miwa moja baada ya jingine. Miwa ilikuwa imedondoka barabarani na hewa yote ilinuka sukari iliyoungua. Kila trekta lilikuwa ni sasa, acha, sasa, acha. Kila shimo la lami, kila kundi la mbuzi, kila mama mwenye kuni alikuwa ni sasa na acha. Vidole vyangu vilianza kuwaka moto, kisha vikafa ganzi, kisha nikaacha kuvihesabu kuwa vyangu. Kabla ya Rongo baba hakuwa akisema tena. Nilikuwa nimejifunza kusikia injini ikianza kunung'unika, nami nilivuta wakati uleule aliovuta yeye. Mwili wake uliniambia. Sijawahi, tangu siku hiyo, kufanya kitu chochote na mtu mwingine kwa kupatana namna ile, na nimeolewa miaka mingi na mtu mwema.

Tulisimama mara moja tu, pale Rodi Kopany, baba anyooshe mkono. Mama mmoja muuza ndizi aliniona nimevaa sare ya shule, nimejaa vumbi hadi kwenye kope, akauliza kama kuna msiba. Baba akamwambia tunaenda kuimba. Mama yule alitupa ndizi mbili akakataa kulipwa, akisema apiko inayokimbia hivyo kwa ajili ya wimbo hajawahi kuiona. Kisha tukateremka kuelekea Homa Bay, ziwa likafunguka chini yetu, jeupe kwa jua, na Mlima Asego umesimama kando yake.

Uwanja wa mashindano tuliujua kwa umati. Baba aliingiza pikipiki hadi kwenye kamba, jambo lililokatazwa, na mtu mwenye beji akaja kutufukuza. Wakati huohuo nilisikia kipaza sauti kikitaja jina la shule yetu. Kwaya ilikuwa inapanda jukwaani. Mbele kabisa, mahali pangu, alisimama Pamela, rafiki yangu wa dawati moja, mweupe midomo kwa hofu. Mwalimu Odera alikuwa amekwisha inua mikono.

Nilishuka kwenye tangi nikakimbia. Miguu ilikuwa bado ikitetemeka kwa injini. Mwalimu aliniona nikija na nikaona akisita, kwa maana sheria ilisema aliyepanda jukwaani ndiye aliyepanda. Sijui angeamua nini. Pamela hakumpa nafasi ya kuamua. Alitoka mahali pangu, akarudi mstari wa pili, akawasukuma wenzake kwa kiuno wampishe, na nafasi mbele ikabaki wazi mpaka nilipoijaza.

Niliimba. Vumbi lilikuwa kooni, na sauti ya kwanza ilitoka na mchanga ndani yake, lakini wimbo ulikuwa wa ukame na mchanga ulifaa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kuinua mikono juu tunapoita mvua. Wote nyuma yangu waliinua. Mimi nilijaribu nikashindwa. Mikono yangu haikuinuka hata kiunoni. Ilining'inia mbele kama nguo iliyoanikwa, vidole vimejikunja kwa umbo la kishikio cha klachi. Basi nikaiacha ining'inie, nikaweka kila kitu kwenye sauti, na niliona watu wa nyuma, waliokuwa wakinunua barafu, wakigeuka.

Tulikuwa wa kwanza. Jaji aliposoma maoni yake alisifu hasa yule mwimbaji wa mbele, aliyeacha mikono ianguke kama mkulima aliyekata tamaa, wakati wengine wote wanaomba. Alisema huo ni ukomavu usiotarajiwa kwa mtoto. Mwalimu Odera aliandika kichwani mwake hapo hapo, na mashindano yaliyofuata kwaya nzima ilifundishwa kulegeza mikono.

Baada ya kelele na kubebwa juu juu, nilimtafuta baba. Nilimkuta ufukweni, mbali kidogo na wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, amekunja suruali, ametia mkono wake wa kushoto ndani ya maji. Ulikuwa umevimba. Nikatia yangu kando ya wake. Maji yalikuwa baridi na yaliuma vizuri. Nikamuuliza kama aliniona. Akasema aliniona, na kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha kwamba Nakuja imezimwa, maana asingetaka kukosa neno hata moja.

Kisha nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba hataweza kuzivuta springi za Mwita.

Akasema, "Zile za zamani nilikuwa naweza kwenda nazo polepole mwenyewe. Nilidhani hiyo inatosha."

Tulikula samaki na ugali kwenye kibanda, yeye akishika samaki kwa mkono wa kulia na mimi nikilishwa, kwa sababu vidole vyangu vilikataa kushika tonge.

Mnaweza kudhani kwamba tuliporudi springi ngumu zilitolewa. Baba mwenyewe alidhani hivyo. Lakini mama, ambaye alitusubiri getini na Mwita tangu alasiri, alisikiliza habari yote, kisha akaiendea Nakuja, akakaa juu yake kwa upande kama anayekaa kwenye baiskeli, akavuta kishikio cha klachi. Mama alikuwa mlimaji. Kilikuja chote, mara moja, kama anakamua ng'ombe. Akamwambia baba asiguse kitu humo ndani, ila amfundishe.

Wiki mbili za somo hilo zilikuwa sinema ya bure kwa mtaa wote. Watoto walipanda juu ya ua. Mama aliingia kwenye migomba ya jirani, akaingia kwenye kibanda cha kuku, akaingia, kwa heshima zote, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Baba alikimbia kando yake akisema sasa, acha, sasa, acha. Na siku ikafika ambapo watu wa Suna walisikia apiko ikipanda kutoka darajani bila kelele, wakatoka kuangalia, wakamwona mama yangu mbele na kitambaa kichwani, na baba nyuma yake amekaa wima na koti lake la Jumapili, akisalimia watu kulia na kushoto kama mkuu wa wilaya. Wengine walicheka. Kuna mzee aliyesema mambo yamegeuka. Baba akamjibu kwamba yamegeuka na sasa yanafika mapema. Walikwenda Ntimaru pamoja kununua maharagwe kwa miaka mingi. Mwita aliwapokea huko, na kila mara, kabla ya kuwakaribisha ndani, alivuta kile kishikio mwenyewe ahakikishe springi zake bado ni nzima.

Wazazi wangu wamekwisha lala wote wawili, na Mwita pia. Leo mjini kwetu pikipiki ni nyingi kuliko kuku. Kijana wa boda akisikia klachi inateleza, anamwachia fundi, anakaa kwenye benchi na simu yake, na springi zinabadilishwa bila yeye kujua zina sura gani. Nilimsimulia mmoja wao habari hizi akinipeleka sokoni. Akaniuliza kama kuna video. Nikamwambia hakuna. Akasema pole, kwa moyo kabisa, kama mtu anayempa pole aliyeibiwa.

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Homa Bay. Barabara sasa ni laini, unaipita na kahawa mkononi. Gari lilikuwa na vioo vyeusi na redio ya chini chini, abiria wote tumeinamia simu, hakuna aliyemuuliza mwenzake anaenda wapi. Milima ilikuwepo, lazima ilikuwepo, lakini sikuihisi. Nilishtuka kondakta akiniambia tumefika. Nilishuka pale stendi nikiwa safi, sijachoka, vumbi hata chembe, nikasimama kidogo kabla ya kwenda nilikokuwa naenda, na nikagundua kwamba nimefika Homa Bay sina hata neno moja la kusimulia.